Ally 16.5 DR: mtumbwi wa kukunja kwa mto usiofikiwa na barabara

Mto wa porini usio na barabara huwashinda watu kabla hawajagusa maji. Marafiki wanne wanaotaka kuushuka wanahitaji mitumbwi miwili ya karibu mita 5 kila mmoja, na mitumbwi hiyo lazima ifike kule juu mto unakoanzia, ambako mara nyingi hufikiwa na ndege ndogo tu inayotua ziwani au kwenye ukanda wa changarawe. Mtumbwi mgumu wa plastiki wa urefu huo una kilo 35 hadi 40. Hauingii ndani ya ndege. Ukifungwa kwa nje, ndege hupoteza mwendo na kula mafuta zaidi, na ziko nchi ambako sheria inabana kufunga mzigo wa namna hiyo nje huku ndani kuna abiria. Matokeo yake ndege hulazimika kwenda na kurudi, na gharama ya usafiri hupita gharama ya vifaa vyote.

Ally, mtumbwi wa kukunja wa kampuni ya Bergans ya Norwei, ulibuniwa kwa ajili ya shida hiyo. Toleo la 16.5 DR lina urefu wa futi 16 na nusu, yaani mita 5 na kidogo, na uzito wa takriban kilo 20. Lote linaingia kwenye begi moja la mgongoni, kubwa lakini linalobebeka na mtu mmoja. Mabegi mawili ya namna hiyo hukaa nyuma ya viti vya ndege pamoja na mizigo mingine, na kundi zima linaweza kuruka kwa mkupuo mmoja ikiwa uzito umepangwa vizuri.

Niseme mapema: kwa mto wa mbali wenye mikondo ya daraja la I hadi II (namba ikikua, mkondo ni mgumu zaidi), na la III kwa wenye ujuzi na turubai la kufunika, huu ni mtumbwi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani wakiuona umelala chini vipande vipande. Lakini hausamehi uzembe wa aina tatu: kuufunga (yaani kuunganisha vipande vyake) vibaya, kuupakia vibaya na kuufikisha ufukweni vibaya. Karibu kila malalamiko yanayosikika kuhusu mitumbwi ya kukunja yana mzizi wake kwenye mojawapo ya hayo.

Kilichomo kwenye begi

Ganda la nje ni kitambaa imara cha polista kilichopakwa PVC. Ndani yake hulazwa mkeka wa sponji isiyonyonya maji, unaotanda sakafu yote. Mkeka huu una kazi tatu: unakinga magoti na baridi ya maji, unasaidia mtumbwi kuelea ukijaa maji, na unaweka tabaka laini kati ya ganda na mabomba ya alumini ili jiwe linapogonga kwa chini, kitambaa kipate pa kubonyea badala ya kubanwa kati ya jiwe na chuma. Mtu anayeacha mkeka nyumbani ili kupunguza uzito ameacha nusu ya uimara wa mtumbwi.

Kiunzi chote ni alumini: fito mbili za ukingo wa juu, mkuku (ufito wa chini katikati) na fito nyingine za sakafuni na ubavuni zinazokwenda kwa urefu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, na mataruma yanayokata kwa upana na kulipa umbo tumbo la mtumbwi. Fito huja katika vipande vinavyochomekana. Mataruma hushika fito kwa vibanio vya plastiki. Kisha kuna viti, na nyundo ya mpira ambayo haipaswi kusahaulika wala kubadilishwa na jiwe.

Anayelinganisha na PakCanoe, mtumbwi mwingine wa kukunja unaojulikana, ataona tofauti kubwa moja. PakCanoe hukazwa kwa mirija ya hewa ubavuni: kiunzi huingia kwa ulaini, halafu pumzi ndiyo inayonyoosha ganda. Ally hukazwa na kiunzi chenyewe, hivyo huhitaji nguvu zaidi wakati wa kufunga, lakini hakuna mrija wa kutoboka wala vali ya kuvuja. Kwa mto ambao msaada uko mbali, napendelea kisichotegemea hewa. Wenye mikono dhaifu au wanaofunga na kufungua kila siku chache wana haki ya kuchagua kinyume chake.

Kuufunga

Anayeufunga mara ya kwanza ajipe saa 2. Aliyezoea humaliza chini ya dakika 40. Fungeni nyumbani angalau mara mbili kabla ya safari, na kila mmoja katika kundi afunge kwa mikono yake. Kundi linalomtegemea fundi mmoja litakwama siku fundi huyo akiumia kidole.

Tandika turubai kwanza. Mchanga ndio adui wa mtumbwi huu, na mahali pa kuuzuia ni hapa: punje chache ndani ya maungio ya fito zikishikana na maji huganda kiasi kwamba siku ya kufungua vipande havitengani. Kunjua ganda juu ya turubai, omo na tezi zikiwa zimenyooka, kisha laza mkeka katikati kabisa. Mkeka ukienda upande hata kwa sentimita 3, mataruma yatakaa mshazari na mtumbwi utakuwa unavuta upande mmoja siku nzima bila mtu kujua sababu.

Unganisha fito zote kwanza na uzipange chini kwa mpangilio wake, ukitazama alama zake. Ingiza fito za ukingo kwenye mikono yake ya kitambaa, halafu vipande vya omo na tezi, halafu mkuku na fito za sakafu. Mpaka hapa kazi ni nyepesi. Ugumu huja na mataruma. Fuata namba au rangi zilizowekwa na mtengenezaji, kwa sababu taruma la pili na la tatu hufanana sana machoni ila hutofautiana upana kidogo, na likikosewa moja, yale yanayofuata yatakataa kuingia. Watu wengi hapo huongeza nguvu ya nyundo. Nyundo ikihitaji pigo la nne, simama uangalie: ama taruma si lake, ama ufito umetoka kwenye kibanio, ama mkeka umejikunja chini.

Taruma za mwisho ndizo zinazovuta ganda likakaza, nazo zinahitaji watu wawili: mmoja anasukuma kwa goti na kiganja, mwingine anagonga taratibu akibadilisha upande huu na ule. Asubuhi ya baridi PVC huwa ngumu na fupi. Liache ganda juani nusu saa, au lifunge jioni baada ya siku ya joto. Kinyume chake, ganda lililofungwa juani huonekana legevu kidogo mchana na kujikaza likigusa maji baridi, hivyo mikunjo midogo ya nchi kavu isikutie wasiwasi. Mkunjo mkubwa unaokwenda mshazari chini ya kiti ni jambo jingine. Huo maana yake kuna kibanio kilichofunguka.

Kabla ya kupakia, pitisha mkono kwenye kila kibanio. Dakika mbili tu. Kibanio kilichofunguka chini ya mzigo hakionekani, na ufito ulioachwa huru husugua ganda kutoka ndani hadi likatoboka.

Majini

Mtumbwi mgumu hupasua wimbi. Huu hupinda nalo. Ukiingia kwenye mlolongo wa mawimbi utahisi sakafu ikipanda na kushuka chini ya magoti, na omo ikiinuka mapema. Kwa sababu hiyo hupokea maji machache kuliko mtumbwi mgumu wenye kina sawa, jambo linalowashangaza wanaoupanda mara ya kwanza. Juu ya jiwe la duara lililofunikwa na maji machache, ganda hubonyea na kuteleza bila ule mlio wa kukwaruza unaokata maini.

Herufi DR hutofautisha umbo la mtoni na lile la maziwani linaloitwa Tramp. DR umeinuka zaidi omo na tezi, hivyo hugeuka upesi: mapigo mawili ya kafi na mtumbwi umeshaingia kwenye maji tuli nyuma ya jiwe. Bei ya wepesi huo hulipwa kwenye maji mapana. Ziwani penye upepo wa ubavu, mtumbwi mwepesi na tupu hupeperushwa, na wa nyuma hutumia nguvu nyingi kuunyoosha kuliko kuusogeza. Kama njia yenu ina maziwa marefu na mikondo michache, chukueni Tramp. Kama ni mto tangu mwanzo hadi mwisho, DR.

Mizania ya mzigo husaidia sana hapa. Upepo ukitoka mbele, sogeza pipa moja kuelekea omo ili omo izame kidogo na kushika maji. Ukitoka nyuma, fanya kinyume. Kwenye mikondo, uwe sawa au tezi iwe nzito kidogo, kamwe omo isiwe nzito, maana itachimba wimbi la kwanza na kujaza maji. Ubavu ubaki umeinuka juu ya maji kwa sentimita 15 au zaidi sehemu ya katikati. Chini ya hapo mmejaza mno, hata kama karatasi ya mtengenezaji inaruhusu kilo zaidi.

Kwa mwendo, msitarajie kulingana na mtumbwi mgumu uliochongoka. Kitambaa hubonyea kati ya fito na kuzalisha ukinzani kidogo kwenye maji yaliyotulia. Kwenye mto unaotembea, tofauti hiyo haina maana.

Mzigo wa watu wanne

Hesabu ya mtumbwi mmoja kwa safari ya siku 10 inakaa hivi. Watu wawili, kilo 150. Chakula kikavu, gramu 700 hadi 900 kwa mtu kwa siku, yaani takriban kilo 16 kwa wawili. Hema, malazi, nguo na vyombo vya kupikia, kilo 40 hadi 50. Vifaa vya uokoaji na ukarabati, makafi ya akiba na mapipa matupu yenyewe, kilo 15 hivi. Jumla ni karibu kilo 230, na mtumbwi huu hubeba uzito huo na bado ubavu ukabaki juu vizuri. Siku 20 zinawezekana pia, ila hapo lazima mpunguze nguo na vyombo, wala si kamba wala kisanduku cha ukarabati.

Mapipa ya plastiki ya lita 60 na 30 yenye mfuniko wa kubana kwa pete ya chuma yanafaa kwa chakula, lakini ukingo wake wa chini ni mgumu. Yasimamishwe juu ya mkeka, katikati ya mataruma mawili, si juu ya ufito. Kila kitu chenye ncha, kuanzia jiko hadi shoka, kikae ndani ya kitu laini. Mtumbwi huu hutobolewa kutoka ndani mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri: mzigo mzito hukandamiza kitu kidogo kigumu dhidi ya ganda, na jiwe la nje humaliza kazi.

Mzigo ufungwe, tena kwa kukaza. Kuna wanaoamini mizigo iachwe huru, ikishikwa na kamba ndefu tu, ili mtumbwi uliopinduka uwe mwepesi kuokoa. Kwa mtumbwi wa kukunja, siwaungi mkono. Kila mahali ambapo kuna mfuko usioingiza maji, maji hayaingii; mtumbwi mtupu uliojaa maji hubeba lita mia kadhaa, na kila lita ni kilo 1. Kiunzi cha alumini hakikutengenezwa kubeba uzito huo huku kikigongwa na mawe. Jazeni nafasi tupu kwa mifuko ya hewa, kamba ipite juu ya mizigo kutoka ukingo hadi ukingo, na msiache kitanzi kinachoweza kushika mguu.

Kosa ambalo huwaumiza marafiki kuliko jiwe lolote ni kugawa mizigo kwa aina: chakula chote kwenye mtumbwi wa kwanza, mahema yote kwenye wa pili. Mtumbwi mmoja ukipotea, nusu ya kundi haina pa kulala au kundi zima halina cha kula. Gawanyeni kila kitu nusu kwa nusu. Kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, kibiriti na huduma ya kwanza vikae mwilini mwa mtu, ndani ya mfuko wa jaketi la kuokolea maisha, kwa sababu mtu na mtumbwi hutengana.

Turubai la kufunika

Hili huuzwa peke yake, na kwa daraja la III ni la lazima. Kwa daraja la II lenye maji baridi pia nalipendekeza, maana huzuia mvua na mawimbi, hutunza joto la miguu na hushikilia mizigo. Chagueni lenye sketi ya kiunoni inayoachia kwa mvuto mmoja wa mkono. Kabla ya kuondoka, kila mtu apinduke makusudi kwenye maji yaliyotulia akiwa amefunikwa, avute, atoke. Asiyeweza kutoka bila kufikiri asilitumie kwenye mkondo.

Udhaifu wake: likishafungwa, huwezi kukagua sakafu wala kufua maji kwa kopo kwa urahisi. Kila mnapotia nanga mchana, fungueni sehemu ya katikati na mtazame kiasi cha maji. Maji yanayoongezeka bila mvua wala wimbi ni tundu.

Kinachoharibika, na jinsi ya kukitengeneza

Uharibifu wa kawaida si mpasuko mkubwa wa kutisha. Ni ulikaji wa taratibu kwenye mistari ambako mkuku na fito za sakafu hubonyeza ganda kwa ndani. Kila mara mtumbwi unapoburutwa juu ya changarawe ukiwa na mzigo, mistari hiyo ndiyo inayoguswa. Dawa ni kubandika mikanda ya PVC yenye upana wa sentimita 5 hadi 8 kwa nje kabla ya safari, mmoja chini ya mkuku na mingine chini ya fito jirani, na kuongeza kiraka cha pili chini ya omo na tezi. Uzito unaongezeka kidogo, maisha ya ganda yanaongezeka sana. Mtumbwi wa kukodi usio na mikanda hiyo, au wenye mikanda iliyolika hadi nyuzi zinaonekana, ukatae.

Na tabia ya ufukweni lazima ibadilike. Wenye mitumbwi ya plastiki wamezoea kupiga kafi kwa nguvu na kupandisha omo juu ya changarawe. Hapa mnasimama mtumbwi ukiwa bado unaelea, mnashuka kwenye maji ya magoti, mnapakua, mnaunyanyua. Viatu vitalowa kila siku. Anayetaka kushuka mkavu achague chombo kingine.

Kiraka kinachodumu hutaka subira. Kausha kabisa, nje na ndani. Kwangua kwa msasa, futa kwa asetoni au kiyeyushi kilichopendekezwa na mwenye gundi, acha likauke. Kata kiraka chenye kona za duara, kinachozidi tundu kwa sentimita 4 hadi 5 kila upande. Kona kali hunyanyuka zikigusa jiwe. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri hadi isinate kwenye kidole, paka tena, subiri tena, kisha bandika na ukandamize kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko hadi hewa yote itoke. Kiache usiku kucha. Gundi iwe ya poliurethani inayokubali PVC. Gundi ya neoprini inayotumika kwenye maboti ya mpira hubanduka siku ya pili. Chini ya nyuzi joto 10, au hewa ikiwa na unyevu mwingi, gundi hukawia kushika, basi washeni jiko chini ya turubai lililo wazi pande zote na mpashe sehemu joto kwanza. Asetoni na moto visikaribiane: kiyeyushi kikauke na chupa ifungwe na kuwekwa mbali kabla ya kiberiti kuwashwa.

Katikati ya siku, tepu pana ya kitambaa iliyobandikwa ndani na nje kwenye sehemu iliyokaushwa na kupashwa joto hufikisha mtumbwi kambini. Ikibandikwa kwenye unyevu, haifiki hata kona inayofuata.

Ufito uliopinda unaweza kunyooshwa kwa goti, mara moja tu. Alumini iliyonyooshwa mara mbili huvunjika. Uliovunjika hufungwa gango la bomba la alumini lililopasuliwa kwa urefu, lenye sentimita 15 hadi 20, na klipu mbili za hosi kila upande wa mvunjiko. Vichwa vya klipu vielekee ndani ya mtumbwi na vifunikwe tepu, visije vikatoboa ganda.

Kisanduku cha mitumbwi miwili kwa hiyo kina: vipande vya PVC vya kutosha kukata viraka kumi, mirija miwili ya gundi, chupa ndogo ya kiyeyushi, msasa, tepu pana, magango mawili ya bomba, klipu nane za hosi na bisibisi yake, vibanio vya akiba, ufito mmoja mrefu, koleo, tupa ndogo, sindano nene na uzi wa nta. Kinakaa kwenye mtumbwi wa nyuma, kwa sababu mtumbwi wa mbele ndio unaoharibika kwanza.

Kunasa kwenye jiwe

Huu ndio mpaka halisi wa mtumbwi huu. Mkondo wa mita 3 kwa sekunde ukigonga ubavu wa mtumbwi uliojaa maji na kulala kwenye jiwe, nguvu yake inafikia karibu uzito wa tani 1. Mtumbwi wa plastiki hujipinda kuzunguka jiwe na mara nyingine, ukivutwa, hurudia umbo. Kiunzi cha alumini hupinda na kubaki kimepinda, na ganda hutatuka palipochomoza ufito uliovunjika. Baada ya hapo kuna saa nyingi za kunyoosha na kufunga gango, kama mtumbwi umepatikana.

Kwa hiyo mikondo yenye mawe mengi yaliyosongamana na maji machache haifai, hata ikiwa kwenye ramani imeandikwa daraja la II. Maji mengi yenye mawimbi makubwa ya daraja la III ni salama zaidi kwa ganda hili kuliko daraja la II lenye mawe kila mita tatu. Ulizeni kimo cha maji cha mwezi mnaokwenda kabla ya kuuliza daraja.

Mkiona mtumbwi unaelekea kulala ubavu kwenye jiwe, wote wawili waegemee upande wa jiwe, hata kulikumbatia. Mwili hukataa, hutaka kukimbia jiwe na kuegemea upande mkondo unakotoka, na hapo ndipo ukingo wa upande huo huzama na maji hujaa kwa sekunde mbili.

Kundi

Mitumbwi miwili ni kiwango cha chini, mitatu ni bora: mmoja ukipata ajali, mmoja unaokoa watu na mwingine unafuata vitu vinavyoelea. Wa mbele asimwache wa nyuma apotee machoni, na nafasi kati yao iwe kubwa kiasi cha wa nyuma kuweza kusimama kwenye maji tuli akiona hatari. Kwenye kila mkondo usioonekana mwisho wake kutoka juu, shukeni mtembee ukingoni. Mtu mmoja asimame chini ya mkondo na mfuko wa kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20 kabla mtumbwi wa kwanza haujaingia.

Kubalianeni ishara nchi kavu. Kafi lililosimamishwa wima, njoo. Kafi lililoinuliwa mlalo juu ya kichwa, simama. Firimbi moja, nitazame, tatu, hatari. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba mmoja akisema mkondo huu tuupite kwa miguu, unapitwa kwa miguu bila mjadala. Hapo ndipo kilo 20 zinapolipa: mtu mmoja huubeba mtumbwi huu mabegani kupita maporomoko, ilhali ule wa plastiki ungehitaji wawili na mapumziko. Kwa njia zenye kubeba kwingi, ongezeni nira ya mabegani, kwa kuwa kuubeba kwa kiti huchubua shingo.

Kuushusha kwa kamba pia ni rahisi kwa sababu ya wepesi wake. Kamba mbili za kuelea, omo na tezi, kila moja mita 15, unene wa milimita 8 hadi 10. Ncha ya upande wa juu ya mkondo isivutwe ikabaki mshazari, maana mkondo utauingia ubavu na kuupindua. Wepesi huo huo ni hatari kambini: upepo wa usiku huunyanyua mtumbwi mtupu na kuutupa mtoni. Ugeuzwe kifudifudi na ufungwe kwenye mti au jiwe, kila usiku, hata hewa ikiwa imetulia kabisa.

Nani asiuchukue

Mto wenye barabara mwanzo na mwisho hauhitaji mtumbwi huu. Kodini wa plastiki, burutani mtakavyo. Kundi lenye wanaoanza kabisa kupiga makafi lijifunze kwanza kwenye mtumbwi mgumu, kwa sababu makosa ya mwanzo yote ni ya kugonga na kuburuta. Na anayekwenda safari moja tu maishani akodi, asinunue: vipande vingi vinataka mwenye kuvijua.

Mtumbwi wa kukodi ukaguliwe ukiwa umefungwa, si ndani ya begi. Hesabu vibanio, pitisha vidole kwenye mistari ya mkuku kwa nje, tazama ncha za fito kama zimepasuka au zimevimba, mwaga ndoo ya maji ndani na usubiri dakika 10 ukitazama chini.

Mwisho wa mto, uoshe kwa maji safi kabla ya kuufungua, mchanga wote utoke kwenye maungio, kisha fungua fito siku ile ile. Zikiachwa zimeungana wiki moja na unyevu ndani, alumini hushikana. Ukauke kabisa, mkeka ukiwa umetolewa, ili usipeleke konokono na mimea ya mto huu kwenye mto mwingine. Ganda likunjwe kwa kuviringishwa kilegevu, kila mara kwa mkunjo tofauti, na lihifadhiwe mbali na panya, wanaopenda sponji ile kuliko kitu chochote kwenye stoo.